Kuunda wahusika wanaoaminika na kupendwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaoandika hadithi fupi, riwaya na zile simulizi za mtandaoni zinazotoka sehemu kwa sehemu. Maswali yana namba, ili jibu moja likuelekeze kwa jingine bila kurudia maneno. Mfano mmoja utaukuta kila mahali: Siwatu, wa kubuni, fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, mwenye miaka 34, ambaye pia ni kijumbe, yaani mshika hela, wa upatu wa watu 10. Kila Jumamosi kila mmoja huleta shilingi 20,000, na mwenye zamu hubeba 200,000. Wiki hii zamu ni ya Mama Rehema, na hela haipo.

## Misingi

1. Mhusika anayeaminika ni yupi hasa?

Ni yule ambaye msomaji akiona alichofanya husema, "kweli, huyu angefanya hivyo," hata kama hakukitarajia. Hana lazima ya kufanana na watu halisi. Sungura wa ngano anaongea na Fisi na hakuna mtoto anayebisha, kwa sababu ujanja wake ni uleule mwanzo hadi mwisho, na tamaa inayomponza Fisi nayo ni ileile.

Kinachovunja imani ni tendo lisilo na mzizi. Mwoga wa sehemu ya 3 anawapiga majambazi watatu katika sehemu ya 9, na hapo katikati hakuna kilichompata. Msomaji hatasema "mhusika amebadilika." Atasema mwandishi alikwama.

2. Kuaminika na kupendwa ni kitu kimoja?

Hapana. Tapeli anaweza kuaminika kila neno na bado ukatamani akamatwe. Kupendwa, kwa maana ya ukurasa huu, ni msomaji kutaka kuendelea kukaa na mtu huyu na kujali atafika wapi. Wema wa tabia ni jambo jingine kabisa. Wako wahusika wema mno wanaochosha kama hotuba ya mgeni rasmi. Anza na kuaminika. Huwezi kumpenda mtu ambaye humwamini kuwa yupo.

3. Ni lazima wahusika wote wawe duara?

La. Tunasoma shuleni kwamba mhusika bapa ana sura moja na mhusika duara ana nyingi na hubadilika, kisha tunatoka tukidhani bapa ni kosa. Hadithi fupi ya maneno 3,000 inabeba mhusika duara mmoja, wawili wakizidi. Riwaya ya maneno 60,000 inabeba watatu hadi watano. Waliobaki wawe bapa, lakini kila mmoja awe na haja yake mwenyewe hapo alipo. Konda wa ukurasa mmoja hahitaji historia ya utotoni. Anahitaji kuwa anatafuta chenji ya msimbazi, noti ya elfu kumi, wakati mhusika wako mkuu anataka kumuuliza njia.

4. Nianze na kisa au na mhusika?

Vyovyote. Ila kabla ya ukurasa wa kwanza, jibu la swali la 5 liwe limeandikwa, vinginevyo kisa kitakuwa kinamsukuma mtu kama toroli.

## Kumjenga

5. Nijue nini kuhusu mhusika kabla ya kuandika?

Zile fomu za maswali mia moja, rangi anayoipenda na chakula anachokipenda, zitupe. Nusu karatasi inatosha, yenye mambo matano:

- anachokitaka wiki hii (si maishani, wiki hii);
- nani anamdai, naye anamdai nani;
- asichotaka watu wakijue;
- anachokiweza kuliko wenzake;
- uongo anaojiambia ili alale usiku.

Kwa Siwatu: anataka 200,000 kabla ya Jumamosi. Anadaiwa na wanaupatu tisa, na yeye anamdai mteja mmoja hela ya magauni ya sare. Hataki ijulikane kwamba hela ya zamu ameitoa kianzio cha upasuaji wa mdogo wake aliyeanguka na bodaboda. Anaweza kukadiria mwili wa mtu kwa jicho na akakosea nusu inchi tu. Na anajiambia kwamba ameazima.

Jambo la pili ndilo lenye mali nyingi, na ndilo linalorukwa. Katika maisha yetu ni nadra mtu kuwa peke yake na matamanio yake. Kuna mjomba aliyemsomesha, mchango wa harusi alioahidi mbele za watu, ada ya mdogo wake, mahari ambayo haijaisha, jirani aliyemzika baba yake wakati ndugu hawakuja. Madeni haya mengi si ya fedha, na hayo ndiyo magumu kulipa. Ukimkuta mhusika wako hasogei, usimwongezee ndoto. Tafuta nani anamdai na umlete mlangoni. Mhusika asiyedaiwa na yeyote ataishia kutembea ufukweni akiwaza.

6. Historia ya maisha yake niieleze kiasi gani?

Ijue yote, iandike daftarini, kisha kwenye hadithi tumia kidogo sana. Kanuni ya kazi: hakuna yaliyopita kabla ya tatizo la sasa kusimama. Ukianza na "Siwatu alizaliwa Pangani, mtoto wa tatu wa Mzee Bakari," msomaji hana sababu ya kutunza taarifa hiyo kichwani. Mlete Mama Rehema mlangoni kwanza. Baada ya hapo sentensi mbili za Pangani zitasomwa kwa hamu, hasa kama Pangani ndiko alikojifunza kunyamaza.

7. "Onyesha, usiseme" inafanyikaje kwa vitendo?

Huku ni kusema:

> Siwatu alikuwa na wasiwasi mkubwa kwa sababu alikuwa ametumia hela ya upatu. Alikuwa mwanamke mwema lakini maisha yalikuwa yamembana.

Huku ni kuonyesha:

> "Shikamoo mama."
>
> "Marahaba mwanangu. Leo si ndiyo zamu yangu?"
>
> Siwatu aliendelea kukanyaga cherehani. Uzi ulikuwa umekatika tangu hodi ya kwanza, na sindano ilitoboa kitambaa bila kushona kitu.
>
> "Sogea basi nikupime kabisa," alisema. "Sare ya harusi ya mwanao hii, sitaki uje kuniambia inabana."

Wasiwasi haukutajwa. Umebebwa na sindano isiyo na uzi, pamoja na kazi anayojifanyia ili asijibu. Tazama pia kwamba dalili ni moja tu, na imetoka kwenye kazi yake. Wanaoishika kanuni hii kwa pupa hurundika: moyo ukamdunda, jasho likamtoka, mate yakamkauka, magoti yakagongana. Dalili nne za mwili ni sawa na kusema "aliogopa" mara nne, na zinamfaa kila mtu aliyewahi kuogopa. Sindano ile inamfaa Siwatu peke yake.

Kusema nako kuna mahali pake. Safari, wiki zilizopita bila tukio, jina la mtaa, idadi ya watoto: sema tu, upite.

8. Nielezeje sura na mavazi?

Alama mbili, tatu zikizidi, na angalau moja iwe ya kitu alichokichagua mwenyewe. Urefu na rangi ya ngozi hakuchagua. "Mweupe, mrefu, macho ya kurembua, shepu namba nane" tumeshakutana naye katika simulizi mia mbili na bado hatumjui.

Nguo humwongelea mtu, na kanga ndiyo yenye mdomo kabisa kwa sababu ina jina. Mwanamke anayemtembelea wifi yake amejifunga kanga iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati" amekwisha kusema kabla ya kuketi, na wifi akisoma akajifanya hakuona, umepata watu wawili kwa sentensi moja. Kanga hiyohiyo akivaa bibi anayepepeta mchele uani, haina neno.

9. Mazoea ya mhusika niyaandikeje?

Kiswahili kimekupa *hu-*, itumie. "Siwatu huhesabu noti bila kuzitazama, kwa kidole gumba, macho yakiwa kwa mteja." Umeonyesha ustadi, uzoefu na kiburi kidogo. Kisha zoea hilo lilipie: siku atakapohesabu akitazama noti moja baada ya nyingine, msomaji atajua hali imebadilika bila kuambiwa. Zoea lisilorudi tena ni pambo, ondoa.

Jihadhari na *-ka-* iliyopangwa foleni: akaamka, akanawa, akavaa, akatoka, akapanda daladala. Mtu anageuka saa ya ukutani. Vunja mfululizo kwa jambo ambalo mhusika amelitazama, amelikwepa au limemkwaza.

## Kumfanya apendwe

10. Nifanye nini msomaji ampende mapema?

Hivi ndivyo vinavyofanya kazi ndani ya kurasa mbili za mwanzo, na huhitaji vyote. Muonyeshe akifanya vizuri kazi fulani. Watu humpenda fundi. Mpe haja tunayoielewa. Mfanye atende jambo dogo la wema linalomgharimu kitu, hata muda. Mpe ucheshi, hasa wa kujicheka. Au muonyeshe akionewa na asijililie.

Wema usiomgharimu haufanyi kazi. Tajiri kumpa ombaomba noti ya elfu kumi ni tangazo. Siwatu, aliyebakiwa na buku mbili, yaani shilingi 2,000, kumlipia mwanafunzi nauli kwa sababu konda anamshusha ni tendo, na litakuwa zuri zaidi akilifanya huku analalamika.

11. Mhusika wangu anateseka sana, mbona wasomaji hawamjali?

Kwa sababu huruma huchoka. Yatima, kafukuzwa na mama wa kambo, kabakwa, kaibiwa, kaugua: kufikia sehemu ya tano msomaji anajikinga. Hesabu katika kila tukio nani aliamua. Ukikuta katika matukio kumi mhusika wako hakuamua hata moja, huyo ni mzigo unaohamishwa. Mpe maamuzi, hata mabaya, hata ya kukataa. Msichana wa kazi anayepigwa na bosi wake tunamwonea huruma. Akificha kijiko kimoja cha fedha kila Ijumaa chini ya ndoo, tunamfuata.

12. Wanasema mhusika wangu ni mkamilifu mno. Nimpe kasoro gani?

Kasoro inayomwumiza mtu mwingine. "Anafanya kazi kupita kiasi," "anaamini watu haraka," "mrembo lakini hajijui" ni sifa zilizovaa kofia ya kasoro. Siwatu hapendi kuomba. Hilo linasikika kama heshima, mpaka ujue kwamba angemwambia Mama Rehema ukweli siku ya kwanza, mama huyo angesubiri wiki mbili. Kasoro nzuri mara nyingi ni ule ustadi wake uliovuka mpaka: anayejua kunyamaza hunyamaza pale palipohitaji neno.

13. Mhusika anaweza kutenda baya na bado akapendwa?

Ndiyo, na mengi yako kwenye mpangilio. Msomaji akijua kwanza kwamba Siwatu amekula hela ya watu, halafu ndipo aambiwe kuhusu mguu wa mdogo wake, atasikia utetezi. Mpeleke hospitali kwanza. Muonyeshe mguu, karani akiuliza kianzio, simu tatu zisizopokelewa. Kisha mrudishe kibandani, afungue mtoto wa meza, bahasha iwe palepale. Mkono wa msomaji utakwenda pamoja na wake.

Masharti ni matatu. Ajue ni kosa. Alipe, na malipo yawe ya kweli, yaani akose kitu ambacho hakitarudi. Na msimulizi asiwe wakili wake, sentensi kama "angefanya nini maskini?" inamfanya msomaji atafute mashtaka.

14. Adui naye apendwe?

Si lazima, ila aaminike. Mama wa kambo anayemchukia mtoto bila sababu ni bapa wa ngano, na kwenye ngano anafaa. Kwenye riwaya muulize swali la 5: nani anamdai? Pengine ana watoto wawili wake, mume anayeugua, na shamba moja ambalo kwa hesabu yake halitoshi watu watatu. Sasa kila unyimi wake una hesabu nyuma yake, na anatisha zaidi, kwa kuwa tunaweza kuifuata. Mpe pia saa moja ya kuwa sahihi. Adui anayekosea kila anapofungua mdomo hana uzito.

15. Kijana tajiri wa simulizi za mapenzi: ana ubaya gani?

Bosi wa miaka 27, kampuni tatu, nyumba Masaki, gari jeusi, hajawahi kupenda. Ubaya ni kwamba hana anachokihitaji isipokuwa msichana wa hadithi, kwa hiyo hana maisha anapotoka kwenye ukurasa. Anajaribiwa hivi: Jumanne asubuhi anafanya nini? Kampuni inauza nini, nani amegoma kumlipa, ndugu wangapi wameomba ajira? Ukijua kwamba anaagiza matairi, na kontena limekwama bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku, sasa ana sababu ya kuwa mkali kwenye simu, na msichana ana kitu cha kumkuta nacho.

## Majina na usemi

16. Nichagueje majina?

Jina lilingane na mwaka wa kuzaliwa, mahali, dini na ukoo, au liwe na sababu ya kutolingana. Chausiku amezaliwa usiku. Kulwa na Doto ni pacha, Kulwa akitangulia. Otieno ni mwanamume wa Kijaluo aliyezaliwa usiku na Atieno ni mwanamke. Msichana wa Dar es Salaam aliyezaliwa 2010 anaweza kuitwa Chausiku, ila msomaji atauliza, nawe uwe na jibu, kwa mfano amerithi jina la bibi. Tabu, Shida, Mashaka na Siwatu ni majina ya kweli yanayobeba habari za siku ya kuzaliwa au ugomvi wa wazazi na majirani, na habari hizo unaweza kuzitumia.

Majina ya majazi, yaani yanayotaja tabia ya mtu, yanahitaji tahadhari. Shaaban Robert aliwaita watu wake Karama na Majivuno katika *Kusadikika*, na yakakubalika kwa sababu nchi yenyewe ni ya kufikirika na hadithi ni ya mafumbo. Katika kisa cha Tandika cha mwaka jana, mwizi anayeitwa Bwana Tamaa anaufunga mlango ambao ungetaka msomaji aufungue mwenyewe.

La mwisho ni la macho tu: usiwe na Rehema, Rukia, Rahma na Ramla katika hadithi moja. Tofautisha herufi ya kwanza na urefu wa jina. Na majina matatu mapya katika ukurasa wa kwanza yanatosha.

17. Wahusika wangu wote wanaongea sawasawa. Nitatofautishaje?

Chukua mazungumzo ya mistari kumi, futa majina na "alisema," mpe mwenzako asome. Akipotea kabla ya mstari wa nne, rudia. Kinachotofautisha watu ni urefu wa sentensi, maneno ya kazi zao, wanachokwepa kutaja, na namna wanavyoitana.

Hilo la kuitana ni hazina kwetu. Kijana wa Dar asiyemwamkia mama mwenye nyumba shikamoo ametangaza ugomvi. Wa Nairobi asiposema, huenda pasiwe na tukio lolote. Mume ambaye siku zote humwita mkewe "Mama Zawadi," usiku mmoja akamwita kwa jina lake la kwanza, hahitaji kuongezewa "kwa hasira." Mchaga na Mpare wanaotaniana wanaruhusiwa maneno ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa tusi, na siku mmoja wao akichukia utani, msomaji anajua pana jeraha.

18. Nitumie lugha ya mtaani, Sheng au lahaja kiasi gani?

Chagua alama chache kisha uzishike bila kuyumba. Mtu wa Mombasa akisema "ndoo" kwa maana ya njoo na "ndia" kwa maana ya njia, tumeshamsikia. Huna haja ya kupindisha kila neno mpaka msomaji wa Mwanza akwame. Hela hutambulisha mji upesi: jero na buku ni Dar, mbao, soo na ngiri ni Nairobi. Daladala lina konda, matatu lina makanga. Sheng na maneno ya vijana huchakaa haraka, kwa hiyo katika kisa cha 1998 usimwekee mtu misemo ya leo. Maelezo ya msimulizi yabaki Kiswahili sanifu isipokuwa msimulizi mwenyewe ni mhusika.

19. Wazee waseme kwa methali?

Sikiliza wazee watano kijiweni kwa saa moja, uhesabu methali. Ni chache, na nyingi husemwa nusu tu, nyingine kwa mzaha. Mzee wa riwaya anayetoa methali kila anapofungua kinywa ni kalenda ya ukutani. Mpe ubishi wa kahawa, goti linalomuuma na habari ya mpira. Methali moja katika hadithi nzima, ikitoka kwa mtu asiyetarajiwa, itafanya kazi zaidi.

20. Msomaji hajui nani amefanya nini. Kila mtu ni "a-". Nifanyeje?

Hili ni tatizo la lugha yetu hasa, kwa kuwa kiambishi hakitenganishi mwanamume na mwanamke. "Alimwambia kwamba hela yake ameila, akamtazama, akalia." Nani kalia? Kuna tiba kadhaa. Rudia jina bila aibu, hasa mtendaji anapobadilika. Tumia nafasi au uhusiano: fundi, mteja, mama, mwenzake, yule wa mlangoni. Mfungie kila mmoja kitu mkononi: "mwenye futi kamba alinyamaza" hana utata. Na penye watu wawili wa jinsia moja wanaogombana, acha maneno yao yabebe, upunguze maelezo ya katikati.

## Miaka na mahali

21. Ni makosa gani ya wakati yanayomharibu mhusika?

Andika mwaka wa kuzaliwa wa kila mhusika mkubwa, kisha hesabu. Babu wa miaka 70 mwaka 2024 alizaliwa 1954: Operesheni Vijiji ya 1974 ilimkuta kijana wa 20, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimkuta ana umri wa kubeba bunduki. Huwezi kumfanya asiwe na la kusema kuhusu yote mawili bila sababu.

Makosa yanayojirudia: mtu anayetumiwa hela kwa simu mwaka 2003, ilhali M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008, mapenzi yaliyoanzia kwenye mwendokasi wa Dar mwaka 2012, ilhali mabasi hayo yalianza kubeba abiria 2016, Mkenya aliyefanya KCPE mwaka 1980, ilhali mtihani huo ulifanyika kuanzia 1985 hadi 2023. Msomaji mmoja akigundua, ataacha kuamini hata machozi.

## Hali za pekee

22. Naweza kumtumia mtu halisi ninayemjua?

Chukua tabia, acha mtu. Kubadili jina tu hakusaidii, mtaa mzima utamtambua. Badili angalau vitatu kati ya kazi, mahali, umri, jinsia na tukio lenyewe, na changanya watu wawili au watatu katika mmoja. Kipimo: wanaomjua wakisoma, wangemtaja? Kama ndiyo, unaweza kushtakiwa kwa kashfa, na hata usiposhtakiwa utakuwa umetoboa siri isiyo yako. Ajabu ni kwamba hadithi nayo hupona, maana mtu halisi hukufunga mikono kwa "lakini haikuwa hivyo."

23. Mhusika ni wa kabila, dini au jinsia nisiyoijua. Nifanyeje?

Anza na swali la 5, ambalo halina kabila. Kisha shughulikia mambo madogo ya kila siku, kwa sababu humo ndimo unapoumbuka: anaswali saa ngapi, anamwitaje baba mkwe, nani hukaa chumba kipi msibani. Mpe mtu wa humo asome, na mwombe akuonyeshe palipo na uongo. Usimuulize kama amependa. Ikiwa kabila la mhusika ndilo linaloeleza tendo lake ("kama ilivyo kwa watu wa kule, alipenda fedha"), futa sentensi.

24. Na mhusika mwenye ulemavu?

Awe na haja isiyohusu kupona, awe na ucheshi au ukorofi kama wengine, na asiwepo ili kumfunza mwema somo. Angalia lugha ya msimulizi pia: kipofu, kiziwi na kiwete vimo katika umbo la *ki-*, na mkichanganya na upatanisho wa kitu ("kipofu kile") mmemgeuza chombo. Jina lake ndilo bora, na "asiyeona" hutosha pale jambo lenyewe linapohitajika. Mhusika mwenye ualbino asiwe kila mara mwindwa. Naye ana duka, ana mkopo, ana mpenzi.

25. Mtoto nimwandikeje?

Mtoto wa miaka sita hasemi hekima. Anadai haki, anarudia neno alilolisikia jana, na anaona vitu vilivyo kimo chake: viatu, chini ya meza, mkono uliofichwa mgongoni. Hilo la mwisho lina faida kubwa. Mtoto anayeingia kibandani kwa Siwatu ndiye pekee atakayeona kwamba sindano haina uzi, na atasema kwa sauti.

26. Jini, mzimu au mnyama anaweza kuaminika?

Anaweza, akiwa na mipaka. Amua hawezi kufanya nini, kisha usivunje. Jini anayeweza kila kitu anaua hadithi kwa sababu hakuna cha kuogopa. Jini asiyeweza kuvuka kizingiti bila kualikwa ana tatizo, na mwenye tatizo ni mhusika.

27. Nimefika sehemu ya 40 na nimesahau nilichosema mwanzo. Kuna njia?

Fungua daftari la wahusika sasa, usisubiri. Ukurasa mmoja kwa kila mtu: jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, nani anamwitaje, makovu na mazoea, anachokijua na sehemu alipokijua. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayookoa, kwa sababu kosa la kawaida la simulizi ndefu ni mtu kujibu siri ambayo hajaambiwa. Andika pia madeni, nani anamdai nani, na uyafute yanapolipwa. Ukikuta deni la sehemu ya 4 halijafutwa, umepata sehemu ya 41.

28. Wasomaji wanatishia kuacha kusoma nikimuua mhusika wao. Nimwache hai?

Angalia kwanza kama kifo kinatokana na alichokitenda au ni wewe umechoka naye. Gari lisilo na dereva wala sababu, linalotokea penye kona ya kisa, ni uchovu wa mwandishi na wasomaji wana haki ya kulalamika. Kifo chenye mzizi watalalamika nacho, kisha watarudi.

Halafu angalia kinachobaki. Msibani, kabla ya kuzika, mtu husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa ndugu. Kama Siwatu ndiye aliyefariki, tangazo hilo linasomwa mbele ya wanaume waliojaa barazani, na sauti inafika hadi ndani walikokaa wanawake, alipo Mama Rehema na sare yake isiyokwisha. Atatuma neno, au atanyamaza? Usiandike kifo mpaka uwe umelijua jibu lake.